Picha Moja ya Bi. Havijawa

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi juzi, wakati picha ilikuwa kitu cha kungojwa, unapigwa mwezi huu unajiona mwezi ujao, aliishi Kilosa mwanamke aitwaye Mwajabu, na mwanamke huyo alikuwa amechoka.

Naanza na uchovu wake kwa sababu bila huo hadithi hii haiendi. Ulikuwa ule uchovu usiotoka kwa kulala. Mumewe, Athumani, alifariki ndoa yao ikiwa na miaka mitatu, wakiwa hawajapata mtoto. Kwao Gulwe walimtumia ujumbe mara mbili kwamba arudi. Mara mbili alifunga mzigo, na mara mbili mama mkwe wake, Bi. Havijawa, alimwambia, "Mwanangu, ngoja kidogo mguu huu upone." Mguu haukupona. Mwajabu akangoja kidogo, na kidogo kile kikawa miaka saba.

Alichota maji, akangoja kidogo. Akamkanda mama mkwe mguu, akangoja kidogo. Akapalilia, akavuna, akatwanga, akangoja kidogo. Watu wa mtaani walimsifu sana, na kumsifu mtu ni rahisi kuliko kumbebea ndoo.

Bi. Havijawa alikuwa na mabinti wawili walio hai. Mkubwa, Semeni, alikuwa mwalimu Morogoro. Mdogo, Sikudhani, alikuwa fundi cherehani Dodoma. Walizaliwa tumbo moja, na walikuwa hawasemezani.

Chanzo kilikuwa mazishi ya kaka yao, huyo huyo Athumani. Siku alipofariki, Semeni ndiye aliyewahi kufika, na ndiye aliyesema maiti isicheleweshwe. Sikudhani alikuwa njiani, ndani ya treni, na treni ilikwama kwa sababu mto ulikuwa umefurika. Alipofika akakuta udongo mbichi. Sura ya kaka yake hakuiona, na hata picha hakuiona, maana picha pekee ya Athumani ilikuwa ya kitambulisho, nayo iliingia maji ikabaki kola ya shati tu. Sikudhani alimtazama dada yake akasema, "Hukuningoja." Halafu hakusema naye tena. Kuanzia hapo Semeni akawa anakuja Idi ndogo, Sikudhani Idi kubwa, ili wasikutane mlangoni.

Bi. Havijawa mwenyewe alikuwa mtu wa kukimbia picha. Harusini, mpiga picha akitokea, yeye yuko jikoni. Penye maulidi, mpiga picha akitokea, yeye yuko jikoni. Wakimwita, anajibu kutoka huko huko, "Sura hii mnaijua, ya nini kuirudia?" Kwa hiyo alifikisha umri wa kuitwa bibi na kila mtu, na dunia nzima haina picha yake hata moja.

Mwaka mmoja akajisikia vibaya kwa namna ambayo hakuizoea. Akawaita mabinti wote wawili, siku moja. Walikuja, kwa sababu mama akiita hivyo huwezi kukataa, wakakaa kila mmoja pembe yake. Bi. Havijawa akawaambia, "Sitaki mniambie mmepatana, maana mtanidanganya. Nataka picha yenu wawili mmesimama pamoja. Niitundike pale nilalapo, niwe naitazama."

Semeni alikuwa amekuja na kamera.

Ilikuwa kamera ndogo nyeusi, ya kuingia mfukoni mwa koti. Mbele ina kifuniko cha kuteleza. Ukikivuta, lenzi inatoa kichwa yenyewe kama kobe. Ukitia mkanda wa filamu, inauvuta yenyewe. Giza likiingia, flashi inawaka yenyewe. Mkanda ukiisha, inaurudisha yenyewe. Hata tarehe inaandika yenyewe, kwa rangi ya chungwa, pembeni chini. Ila kwa kuwa hakuna aliyewahi kuipangia saa, ilikuwa ikiandika miaka minne nyuma, na mtoto wa mwisho wa Semeni alionekana kapigwa picha kabla hajazaliwa. Watu walioiona walisema kamera hii inajua kila kitu, kwako inataka kidole tu.

Lakini ilikuwa na ujinga wake mmoja. Haikujua nani anayepigwa picha. Ukichungulia kwenye kidirisha chake, katikati unaona kimraba kidogo, na chochote kilichokaa ndani ya kimraba hicho, kamera ilikichukua kuwa ndicho chenye maana. Ilikaza macho hapo, ikakitoa safi mpaka unahesabu nyuzi za nguo, na vingine vyote ikaviachia ukungu.

Semeni aliujua ujinga huo, akamfundisha Mwajabu, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki wa kupiga. Alimfundisha kwa sauti ya mwalimu, polepole, kama vile Mwajabu ni darasa zima.

"Wifi, nisikilize. Sisi tutasimama wawili, kwa hiyo katikati yetu pana nafasi. Ukibonyeza tu, kimraba kitaangukia kwenye nafasi, na kamera itapiga ukuta wa jikoni, sisi tutatoka moshi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, wifi."

"Basi fanya hivi. Kimraba kiweke usoni kwangu. Bonyeza nusu. Nusu, usimalize. Taa ya kijani ikiwaka, usiachie kidole, rudisha kamera katikati, halafu ndiyo umalize. Na mkanda umebaki picha moja. Sina mwingine."

"Na ile radi yake?" aliuliza Bi. Havijawa kutoka jikoni, maana hata siku hiyo alikuwa jikoni.

"Nimeshaizima, mama. Najua inakuumiza macho."

Wakasimama uani, karibu na kamera ili sura zitoke kubwa. Mbingu ilikuwa na wingu. Semeni akasimama kushoto, Sikudhani kulia, na katikati yao ndoo ingepita bila kuwagusa. Mwajabu akasema, "Sogeeni kidogo." Semeni hakusogea. Sikudhani alisogea, lakini alisogea kwa kutoka, si kwa kuja.

Mwajabu akachungulia kwenye kidirisha. Na ndani ya kimraba, nyuma ya wale wawili, akamwona Bi. Havijawa.

Alikuwa ametoka mpaka mlangoni pa jiko. Ameegemea mwimo, uzito wote kwenye mguu mzima, anafuta mikono kwa pindo la kanga, na anawatazama wanawe migongo. Uso ule Mwajabu alikuwa ameuosha, ameulisha, ameufunika shuka, miaka saba. Lakini hakuwahi kuuona ulivyokuwa pale: umechoka kabisa, umejaa mapenzi, na hauna habari kwamba unaonekana. Mwajabu alijisikia kulia. Alimpenda yule mzee wakati ule kuliko siku zote alizomtumikia, na akajua kwamba akiinua sauti tu, uso ule utarudi jikoni na hautatoka tena.

Kimraba alitakiwa akipeleke usoni kwa Semeni. Alilijua hilo, hakulisahau hata kidogo. Akakiacha pale pale kilipo. Akabonyeza nusu, taa ya kijani ikawaka, akamaliza.

"Umepata?" akauliza Semeni.

"Nimepata," akasema Mwajabu, na kwa maneno hayo hakudanganya.

Kamera ikaunguruma mkononi mwake, ikarudisha mkanda mpaka mwisho, ikanyamaza. Jioni ile ile Semeni akaondoka nayo. Sikudhani akaondoka kesho yake.

Mwezi ulipopita, Semeni alituma bahasha. Bi. Havijawa akaifungua akiwa kitandani. Akaisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. Kushoto palikuwa na ukungu wenye kitambaa cha bluu, kulia ukungu wenye kitambaa chekundu, na katikati, safi kama amesimama chumbani, yeye mwenyewe na mlango wake wa jiko.

Kisha akasema, "Nimeomba wanangu, nimeletewa mimi."

Mwajabu alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Mwajabu, mwanangu, ulikosea wapi?"

"Sijui, mama," akasema Mwajabu.

Bi. Havijawa akaitia picha sandukuni kifudifudi. Akamwomba ndugu yake, Mjomba Salehe, awaandikie mabinti barua waje tena, wapigwe tena. Mjomba akaandika. Semeni akajibu, "Akija yeye, nitakuja." Sikudhani akajibu, "Akija yeye, nitakuja." Mjomba akaandika mara ya pili, majibu yakaja yale yale, yamebadilika wino tu. Na kila siku mgonjwa aliuliza kama kuna aliyefika, na kila siku Mwajabu alijibu bado, mama, huku neno lile la kweli hajalisema. Alijiambia atalisema kesho, mgonjwa akipata nafuu. Nafuu haikuja, na Bi. Havijawa alifariki siku ya Jumatano akiwa ameshika mkono wa Mwajabu.

Ilipotimia arobaini, baada ya kisomo na baada ya wageni kula na kutawanyika, Mjomba Salehe aliwakusanya wale wanawake watatu ukumbini ili agawe vitu vya marehemu, maana kwa watu wa huko mjomba ndiye msemaji wa tumbo la dada yake. Alikuwa na umri mkubwa na mgongo unamuuma. Kinu kikaenda kwa huyu, sanduku kwa yule. Kanga zikagawanywa, na Mwajabu akapewa doti mbili, akashukuru. Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa mlangoni. Treni ya kwenda Gulwe ilikuwa inapita alasiri, na safari hii hapakuwa na wa kumwambia angoje.

Ikabaki picha. Mjomba akaiweka juu ya mkeka, sura juu. Ndipo wale mabinti walipoitazama pamoja kwa mara ya kwanza, na wote wawili wakanyoosha mkono.

"Taratibu," akasema mjomba. "Semeni, unazo zile negativu? Tusafishe nyingine, kila mtu apate yake."

Semeni akainama. "Sina, mjomba. Siku ile jua lilipopatwa nilizigawa kwa majirani watazamie lile jua. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Hazikurudi."

"Basi tuipeleke studio waipige picha hii hii."

"Baada ya mazishi nilikuja kuiazima, Mwajabu anajua, nikaipeleka Morogoro. Uso ulitoka kama doa la chai. Uso wenyewe ni mdogo, mjomba, si mkubwa kuliko ukucha. Uko hapa tu."

"Mkae nayo kwa zamu."

"Atanipaje mkononi mtu nisiyesema naye?" akauliza Sikudhani.

Mjomba akashusha pumzi. Akasema, "Haya. Kila mmoja aseme haki yake, nami nitasikiliza."

Semeni akaanza. "Bila mimi, mama hana sura duniani. Kamera ni yangu. Mkanda ni wangu, na picha ile ya mwisho niliibakiza kwa makusudi, wanangu waliniomba niwapige nikakataa. Mimi ndiye niliyeizima flashi. Ingewaka, mama angefumba macho au angerudi ndani. Mimi niliisafirisha, mimi niliipeleka studio ikasafishwa. Negativu nimezipoteza, nakiri, na kwa hiyo ndiyo nazidi kuitaka, maana nimeshampoteza mara mbili."

"Nimesikia," akasema mjomba.

Sikudhani akafuata. "Bila mimi, mama hana sura duniani. Kamera ni yako, dada, lakini nafasi ni yangu. Nilipoambiwa nisogee, nilitoka. Ningekuja, mabega yetu yangeziba, na mama asingeonekana hata kanga. Utasema nilitoka kwa hasira. Ni kweli, nilitoka kwa hasira, na hasira hiyo ulinipa wewe. Kaka yangu alizikwa sikumwona. Ninamkumbuka kwa kola ya shati. Leo na mama pia nisipewe?"

Hilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia dada yake tangu mazishi ya Athumani.

"Nimesikia," akasema mjomba. Kisha, kwa heshima tu, kwa vile mtu huwezi kumruka aliyekaa mkekani, akageuka. "Na wewe, mkwe wetu, una neno?"

Mwajabu alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema sina, mjomba, abebe mzigo wake, apande treni, na mpaka anakufa watu wa nyumba ile wangeendelea kumsifu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba njia hiyo ilimvutia kama kitanda. Lakini akaitazama picha, akamwona yule mzee amesimama kwa mguu mmoja, akajua kwamba hataweza kuondoka amekosa vyote viwili, ule uso na ukweli wake.

"Mimi sina damu ya nyumba hii, mjomba," akasema. "Na kamera si yangu. Ila kamera haikukosea, na wala si hii nafasi waliyoacha iliyomleta mama pichani. Wifi Semeni alinifundisha vizuri. Nilijua kimraba nikiweke wapi. Nilimwona mama mlangoni, nikamchagua yeye."

Semeni akageuka kumtazama.

"Ulisema hujui ulipokosea," akasema Semeni.

"Nilimwambia mama hivyo."

"Na yeye aliendelea kuuliza?"

"Kila siku, wifi. Mpaka Jumanne."

Semeni akajifunika uso kwa upande wa mtandio. Sauti ikatoka chini ya nguo. "Kwa hiyo mama yangu alikuomba kitu kimoja, ukamnyima, ukampa alichokikataa maisha yake yote. Akafa anadhani hata mashine imeshindwa kutuweka pamoja."

"Ndiyo," akasema Mwajabu. "Nilimnyima. Lakini miaka saba nimemfanyia kila alichotaka, wifi, kila kitu. Siku ile moja nikafanya nilichotaka mimi. Nilitaka abaki."

Sikudhani alikuwa hajaondoa macho kwenye picha. Akasema polepole, "Asingefanya hivyo, sasa hivi tungekuwa tumekaa hapa na picha yetu sisi wawili. Mimi na wewe, dada, tumenuna. Nani angeigombania?"

Mjomba Salehe akakumbuka barua zake, zile alizoandika mara mbili na majibu yaliyorudi mara mbili, akafikiri azitaje, lakini alipowatazama wale mabinti akaona wameshazikumbuka wenyewe. Akaishika picha, akaitazama, na machozi yakamtoka, kwa sababu huyo alikuwa dada yake na yeye pia hakuwa na picha yake nyingine. Akairudisha katikati ya mkeka. Akasema, "Nimegawa mashamba kwa watu walioshikiana mapanga. Hili limenishinda." Akatoka kutafuta maji ya kutawadha.

Wakabaki watatu na picha yao, na mbali kidogo honi ya treni ya kwenda Gulwe ikasikika, inaingia stesheni.

Basi nami naishia alipoishia mjomba, sina ubavu kuliko yeye. Nyie mliokaa hapa mnanisikiliza, ambao hamkumzika Bi. Havijawa wala hamkumkanda mguu, nyie ndio mna nafasi ya kuamua. Mmoja alileta kamera na kuibakiza ile picha ya mwisho, kisha akapoteza negativu, na barua alizijibu vile alivyozijibu. Mmoja aliacha nafasi kwa hasira, akajibu barua kama mwenzake, na hana sura ya mtu wake yeyote aliyekufa. Mmoja alimwona mama yao wakati wao wamempa mgongo, na kwa kumwona akamnyima kitu cha mwisho alichoomba, akamficha ukweli, kisha akakiri pale ambapo kunyamaza kungempa heshima. Treni haimngoji mtu, semeni upesi. Je, nani alistahili kuondoka na uso wa Bi. Havijawa?